Sonic Visualiser kwa tasnifu ya muziki: inapima vizuri, lakini haisikilizi kwa niaba yako

Ukiandika tasnifu ya uzamili kuhusu taarabu na kudai mwimbaji "anashusha kidogo" noti ya tatu, msimamizi atauliza: kidogo ni kiasi gani? Kwa swali hilo, Sonic Visualiser ndiyo programu ya kwanza kupakua. Imetoka Queen Mary, Chuo Kikuu cha London, ni ya bure, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaisakinisha haihitaji intaneti. Menyu za Kiswahili hazipo.

Programu hii si ya kuchanganya sauti wala ya kuandika nota. Kazi yake ni kupanga matabaka juu ya rekodi: mawimbi, spektrogramu (picha ya masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda), alama za mapigo, mstari wa mwinuko wa sauti. Ipe faili ya WAV.

Wengi huharibikiwa kwenye ukubwa wa dirisha la spektrogramu, yaani kipande cha sauti kinachochambuliwa kwa mara moja. Kwa rekodi ya Hz 44,100, dirisha la sampuli 4,096 lina urefu wa milisekunde 93 na linatenganisha masafa kwa hatua za Hz 10.8. Kwenye Hz 440 nusu toni inaonekana bila shida. Kwenye Hz 110 nusu toni ni Hz 6.5 tu, hivyo noti mbili jirani zinaungana. Pandisha hadi 16,384 upate hatua za Hz 2.7, hapo dirisha linafika milisekunde 372, na pigo la dumbaki linatapakaa hadi hujui limeanzia wapi. Dawa ni kufungua spektrogramu mbili, moja ya noti na moja ya mapigo. Anayetumia moja kwa yote mawili atapata majibu mabaya mara mbili.

Mwinuko wa sauti unafuatwa na plagini (kijiprogramu cha nyongeza) ya pYIN, nayo ni ya sauti moja tu. Ipe kikundi kizima, fidla, ganuni na kodiani vikiwa vimepamba moto, na mstari utaruka ovyo, mara nyingi kwa oktava nzima. Chagua sehemu ambazo mwimbaji yuko peke yake, au taksimu (kipande cha kubuni papo hapo) ya udi. Kisha ruhusu tabaka hilo lipige sauti yake pamoja na rekodi: mahali lilipokosea sikio litakwambia mara moja, kabla ya jicho. Kama kazi yako yote ni ya sauti moja, Tony, programu ya chuo hichohicho, ni nyepesi zaidi kwa kusahihisha makosa ya namna hii.

Ukiridhika, toa tabaka kama CSV (jedwali la maandishi) na ukokotoe kwenye Excel: =1200*LOG(f2/f1,2), f1 ikiwa masafa ya noti ya msingi na f2 ya noti unayoipima. Noti ya msingi ikiwa Hz 220 na ya tatu Hz 269.3, umbali ni senti 350 (nusu toni moja ni senti 100), katikati ya tatu ndogo (261.6) na tatu kubwa (277.2). Hapo ndipo inapokaa tatu ya Rast, mojawapo ya maqamu (mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu), na "kidogo" imepata namba.

Kwa santuri za zamani, kama za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928, uwe mwangalifu. Santuri ikizungushwa kasi zaidi kwa asilimia 6, kila kitu kinapanda karibu nusu toni. Usitangaze ufunguo wa wimbo kwa kutegemea nakala hiyo. Umbali baina ya noti, kwa kuwa ni uwiano, haubadiliki.

Alama za mapigo huwekwa kwa kubonyeza, wimbo ukicheza. Mkono huchelewa, kwa hiyo punguza kasi hadi nusu (mwinuko haubadiliki), halafu vuta kila alama hadi pale wimbi linapoanza kupanda. Faili ya .sv inayohifadhiwa haibebi sauti ndani yake; weka rekodi na .sv kwenye folda moja, la sivyo ukihamia kompyuta nyingine itakuuliza rekodi iko wapi.

Katika sura ya mbinu taja ukubwa wa dirisha, hatua ambayo dirisha husogea kila mara, na toleo la programu na plagini. Bila hayo mtahini hawezi kurudia kipimo chako, na ana haki ya kukikataa.