Fundi wa mbwa hapa Mtwara: nyota nne, na ile moja niliyoibakisha

Elfu 15 kwa somo moja la mbwa. Nilipomtajia shemeji bei hiyo alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama mwishoni mbwa atapewa na cheti. Huku kwetu mbwa ni wa kulinda: analala nje, anakula ukoko wa ugali, na akibweka ndiyo kazi yake. Leo mtu aseme anamlipia mwalimu!

Basi mwenzenu nimemlipia, na ningemlipia tena. Mbwa wangu anaitwa Watasema (alikuja na jina lake kutoka kwenye ghala la korosho alikozaliwa, mimi msinilaumu). Ndani ya geti hana neno, ananilalia miguuni nikisahihisha madaftari. Nje ndiyo kasheshe. Akiona baiskeli ya muuza samaki analipuka: anaruka, anajizungusha kwenye kamba, anabweka mpaka sauti inakwama, na hapo hata umwite hasikii, hata umpe nyama haioni. Bodaboda iliyobeba magunia, vilevile. Watoto wa madrasa wanaopita kwetu Chikongola alasiri wakaanza kuzungukia njia ya nyuma. Bibi jirani alinisemesha kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyo akimpaka mtoto mate tu ni kuosha mara saba, na moja kwa udongo. Je, akimng'ata?"

Sikuwa na jibu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa kijana mmoja, shemeji ndiye aliyemleta. Huyo alimchukua mbwa akakaa naye kwake, akamrudisha kimya kama maji mtungini. Habweki, haungurumi. Mtaa mzima ukampongeza. Kumbe dawa yake ilikuwa kipande cha mpira wa maji, kila akiunguruma anatandikwa. Siku si nyingi fundi bomba akainama karibu naye kufungua koki, na mbwa akamdaka suruali bila hata kuonyesha meno. Nguo ndiyo iliyoraruka, mguu ukasalimika, namshukuru Mungu. Lakini kabla ya hapo mtu angesikia mngurumo akasogea. Sasa onyo limeondolewa na woga umebaki palepale.

Huyu ninayeandika habari zake leo ni askari mstaafu, kazini alikuwa na mbwa wa polisi. Watu wanamwita Afande, nami namwita hivyo hivyo. Jina na namba siweki hapa, mwenyewe hataki. Ulizia kwenye maduka ya dawa za mifugo mjini, wanamjua.

Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini ni kwamba alikataa kuja. Nilipiga simu, shikamoo, marahaba, nikaeleza, akauliza: "Kadi ya chanjo ya kichaa iko wapi? Daktari amemgusa lini?" Mpaka nimalize hayo ndipo atoke kwake. Nikakasirika kidogo, maana chanjo nilikuwa nayo. Lakini ana haki. Kichaa cha mbwa kipo, binadamu karibu wote wanaokipata wamekipata kwa mbwa, na dalili zikishatokea hakuna tiba. Mikoa yetu hii ya kusini, Lindi na Mtwara, mbwa walichanjwa kwa kampeni kubwa miaka ya 2010, na bado chanjo ni ya kila mwaka, haina mazoea. (Ukiumwa na mbwa, hata wa nyumbani, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kwanza, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Binzari na mafuta ya taa acheni jikoni.)

Daktari wa mifugo naye akakuta jambo: sikio la kushoto limeoza ndani, usaha na kupe mmoja mkubwa. Mbwa mwenye maumivu havumilii, na huyu kila mtu akinyoosha mkono kichwani alikuwa anajihami. Likasafishwa, nikapewa dawa ya matone. Akanieleza pia kwamba zipo dawa za kutuliza woga, fluoksetini mojawapo, huchukua wiki 4 hadi 6 kuonekana kazi yake, na ni za kuandikiwa na daktari tu, si za kujinunulia. Hatukufika huko.

Sasa somo lenyewe. Afande anakuja alfajiri, kabla jua halijawa kali, na tunatembea hadi Shangani kwenye nafasi. Chikongola uchochoro una hatua nne, mbwa huyu anahitaji 40. Anachora mstari mchangani kwa kisigino: hapa ndipo mbwa anaona baiskeli na bado anaweza kula. Ukivuka mstari, umemtia mbwa kwenye vita. Mfukoni nina mapupu ya ng'ombe ya kuchemsha, nimekata vidogo kama punje za mahindi. Nilitaka kutumia dagaa, daktari akasema wale wa chumvi hapana.

Muuza samaki anatokea kule mbali, honi inalia. Afande ananong'ona, "Usimtazame mwenye baiskeli, Mwalimu, mtazame mbwa." Masikio yanakwenda mbele. Mdomo uliokuwa wazi unafungwa ghafla. Analamba pua, na hajapewa kitu. "Sasa." Nampa. Nampa tena, na tena, baiskeli ikiwa inaonekana. Imepotea kwenye kona, mkono unarudi mfukoni, sherehe imekwisha. Utaratibu huo anaushikilia kama kanuni: kitu kwanza, nyama baadaye. Ukitanguliza nyama, mbwa atajifunza kwamba mapupu yakitoka mfukoni basi balaa linakuja, na utamharibia hata hamu ya kula. Mimi nafundisha Biolojia, Pavlov (yule mwanasayansi aliyeonyesha kwamba mbwa hutokwa mate kwa ishara tu ya chakula) nimewasomesha watoto miaka na miaka, lakini kwenye kamba mkononi ni habari nyingine.

Maelezo yake mengine niliyoyapenda ni haya: "Huyu si mkali, anaogopa. Anabweka ili kile kitu kiondoke. Na baiskeli si inaondoka? Basi kila siku yeye anajiona ameshinda." Ndiyo maana kumvuta na kumkaripia hakukusaidia. Pia alinikataza kumtoa siku inayofuata baada ya kulipuka vibaya. Akae nyumbani, atafune mfupa, damu ipoe.

Kwa usalama aliniagizia kifungia mdomo cha aina ya kikapu. Mtwara mjini sikukipata, kilikuja na basi kutoka Dar. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo amekikataa kabisa: mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na kwa joto la hapa ukimbana utampoteza. Cha kikapu anahema, anakunywa maji, anapokea na nyama. Alimzoesha kwa kumpakia siagi ya karanga ndani yake mpaka mbwa mwenyewe akawa anaingiza pua.

Matokeo? Watasema hajawa mbwa wa kukumbatiwa na wageni, na Afande tangu simu ya kwanza alikataa kuniahidi hilo. Anasema mtoto wa mbwa huzoeshwa watu na vitu akiwa wa wiki 3 hadi 14 hivi, na huyu wiki hizo alizimalizia kwenye mnyororo nyuma ya ghala. Ila sasa baiskeli ikitokea ananigeukia mimi kutazama mfuko. Bodaboda za magunia bado, hasa msimu wa korosho zinapopita mfululizo, hapo tunageuza njia. Mngurumo umerudi, na nilifurahi kuusikia, ingawa jirani alidhani nimechanganyikiwa. Watoto wa madrasa wamerudi njia yao. Saa zao mimi simtoi, hayo ni makubaliano yangu na bibi.

Nyota iliyobaki naibakisha kwa sababu. Afande haandiki chochote. Ukisahau alichosema, ukimpigia mchana hapokei, na ujumbe wa maandishi anausoma keshokutwa. Nilitaka nimrekodi kwa simu akanifokea kama kuruta. Mvua ikinyesha haji na hakupi taarifa, unakaa umevaa viatu kwa hasara. Nauli ya bajaji ni juu yako, nje ya ile elfu 15, na hilo halisemi mpaka ameshafika. Tena mwenye haraka hamfai: ukimwambia amchukue mbwa akae naye kwake, amrudishe amenyooka, anakata simu. Shemeji alijaribu.

Mbwa anayepigana na mbwa wenzake, au aliyekwisha kumng'ata mtu akatoa damu, hamchukui peke yake. Anataka daktari awepo tangu mwanzo, na bei hapo mnaongea upya.

Malipo anapokea kwa simu, baada ya somo, si kabla. Mtumie na ya kutolea.