Lifti ya mkasi au lifti ya mkono?

Kufunga taa za ghala, dari mita 9, sakafu ya zege iliyonyooka: chukua lifti ya mkasi ya umeme, mashine inayoinua jukwaa la mafundi kwa vyuma vinavyokunjuka kama mkasi. Inapanda wima tu, lakini jukwaa linaenea mafundi wawili na maboksi yao. Jukwaa likifika mita 8, kimo cha kazi ni mita 10, maana urefu wa fundi na mkono wake huhesabiwa mita 2. Fagia kwanza. Vyuma vya chini vinavyoshuka karibu na sakafu ili mashine isipinduke gurudumu likiingia shimoni, vikikwama kwenye kipande cha mbao, mashine inagoma kutembea ikiwa juu.

Kuna mabomba au kibanda kati yako na ukuta? Mkasi hausaidii hapo. Lifti ya mkono, yaani mashine yenye mkono mrefu wa chuma na kikapu cha mafundi kwenye ncha, ikiwa na kiwiko inakupitisha juu ya kizuizi, ingawa kukodi ni ghali zaidi na kikapu mara nyingi hubeba kilo 230 tu, watu na zana pamoja. Mkanda wa mwili ni lazima, kamba fupi ifungwe ndani ya kikapu: gurudumu likidumbukia, ncha ya mkono hurusha mtu nje. Soma pia kibao cha upepo. Mashine nyingi za nje zina kikomo cha mita 12.5 kwa sekunde; mikasi ya ndani pekee huandikwa sifuri.