Lenzi ya 100-400 au 150-600: Kitulo na Ruaha

Kabla hujanunua lenzi ya ndege na wanyama huku Nyanda za Juu Kusini, jiulize: utatembea kwa miguu au utakaa garini?

Hifadhi ya Kitulo, yenye maua mengi, ni kutembea, tena kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, pumzi inakata. Canon EF 100-400mm toleo la pili, kilo 1.6 hivi, inabebeka kutwa. Pia inashika fokasi hata kitu kikiwa chini kidogo ya mita moja: ukimkosa tandawala (ndege mkubwa wa nyasini), inama upige okidi, umande ukiwa bado kwenye petali. Sigma 150-600mm Contemporary inataka karibu mita tatu.

Hifadhi ya Ruaha mambo yanageuka. Hondohondo yuko juu ya mbuyu, nawe hushuki garini ovyo. Hapo milimita 600 za Sigma, zinazovuta mbali zaidi, ni mkombozi. Kilo 1.9 zake zilaze dirishani juu ya kimfuko cha maharage, zima injini. Ukiivuta mwisho inafunguka f/6.3 tu, yaani mwanga unaoingia ni mdogo, kwa hiyo alfajiri pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila woga.

Mwenye uwezo wa kununua moja tu, na Kitulo ndiyo jirani yake, ningemwambia achukue Canon.