TAHADHARI: mkanda wa mgongo unaotangazwa redioni, msitume hela

Naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, mnivumilie. Mgongo wangu unaniuma, mnajua, sirudii. Na mtangazaji aliyeusifia mkanda mnamjua, yule wa kipindi cha asubuhi. Simtaji jina kwa sababu bado natafuta pa kumshtaki.

Jumanne ile napiga pasi, redio iko dirishani kama siku zote. Akamaliza salamu, muziki ukashuka, akafanya ule mtindo wake wa kupunguza sauti mpaka unahisi anaongea na wewe peke yako. "Wapendwa, hapa sijalipwa na mtu. Nilikuwa siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Nimevaa huu mkanda wa sumaku wiki mbili, leo nimemnyanyua mwanangu." Nikaacha pasi juu ya shati. Alama ipo mpaka leo, ya kahawia, pasi kamili na ncha yake. Nikaandika namba nyuma ya bahasha, na alipoirudia nikahakiki tarakimu moja moja kama mwalimu anasahihisha mtihani.

Najua mtasema, mtu mzima na akili zako. Sikilizeni. Miaka kumi na moja naamka na sauti ile. Mama alipofariki, mtangazaji huyu alisoma ujumbe wangu hewani, akanyamaza kidogo, halafu akanipa pole kwa jina langu. Mtu kama huyo akikuambia mgongo wake umepona, utamwomba cheti? Matangazo ya kawaida, yale ya kupayuka, nayapita kama kelele za barabarani. Hili alilichomeka katikati ya maongezi, baada ya habari za mvua. Nilijiona nimenong'onezwa na ndugu.

Nikapiga. Akapokea binti, heshima tele. Kutaja tu nilikosikia, akafurahi: "Aah, basi wewe ni familia, una punguzo lako." Punguzo linakoma saa sita mchana. Saa tano na nusu hela yote imeshakwenda, na ya usafiri juu yake.

Mzigo ukafika baada ya siku tano. Nafungua, harufu ya plastiki inanipiga puani. Lebo imebandikwa juu ya lebo. Nikaichokoa kwa ukucha, chini yake nikakuta picha ya mama mjamzito anatabasamu. Mkanda wa wajawazito, jamani! Hizo sumaku ni vidude sita vilivyogandishwa kwa gundi. Nilipoutingisha viwili vikaanguka. Nikachukua kimoja nikakiweka kwenye mlango wa friji. Kikadondoka. Nikarudia, kikadondoka. Sumaku isiyoshika friji.

Kumpigia yule binti, simu inaita mpaka inakata. Kesho yake hata kuita haiiti. Nikapiga kituoni, nikazungushwa idara hadi idara, mwisho kijana mmoja akaniambia kwa sauti ya chini: "Maneno huwa yanaandikwa na mwenye bidhaa, yeye anasoma tu." Nikamuuliza, kwa hiyo hajawahi kuuvaa? Akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniuma kuliko hela.

Mwanangu anayesoma sheria ndiye aliyenionyesha kwamba sikuanza mimi. Huko Marekani, Novemba 2022, tume ya serikali inayolinda wanunuzi pamoja na majimbo saba waliibana Google na kampuni ya redio ya iHeartMedia. Watangazaji walikuwa wameisifia simu ya Google, Pixel 4, kana kwamba wanaitumia, picha za usiku wamepiga wenyewe, kumbe simu hata hawajapewa. Matangazo karibu 29,000 yalirushwa. Kampuni hizo mbili zikalipishwa dola milioni 9.4. Na zamani zaidi, Kansas, palikuwa na John Brinkley aliyejiita daktari na kumiliki kituo chake mwenyewe cha redio. Alisoma barua za wagonjwa hewani, akawaandikia dawa zinazotajwa kwa namba badala ya jina, bila kuwaona, wauza dawa wakauza na yeye akapata fungu lake. Mwaka 1930 alinyimwa leseni ya redio, akajenga kituo kipya Mexico, ng'ambo ya mpaka tu, akaendelea. Mnaona? Watu hawa hawana haya! Ndiyo maana nasema faini haitoshi. Atolewe hewani, arudishe hela ya kila aliyenunua, asome majina yetu mmoja mmoja kwa ile ile sauti yake ya upole. Na yule binti wa punguzo akamatwe.

Dalili zilikuwepo, nakiri. Hela nilituma kwa jina la mtu, si la kampuni. Hawakuwa na duka wala anwani, nilipouliza akasema "tupo online". Ile haraka ya saa sita. Na "sijalipwa": nani alikuwa amemuuliza? Na jambo jingine, mkanda huo huo aliusifia tena jioni lakini sasa ni goti lililopona, nikasikia na bado nikasubiri mzigo kwa furaha. Hapo hata mimi sijielewi.

Leo asubuhi ameleta sufuria zisizoshika. "Mke wangu hapikii nyingine." Nimejikuta natafuta kalamu.

Mkanda ninao, boksi ninalo, ujumbe wa malipo sijafuta. Mliolizwa kama mimi njooni inboksi, twende pamoja.