Uzoefu wangu: Bustani ya wanyama ya Ranua, Ufini, majira ya theluji

Kabla ya kuulizia tiketi, chagua mwezi. Ranua iko Lapland, kaskazini mwa Ufini, kama kilomita 80 kutoka mji wa Rovaniemi, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Ilifunguliwa 1983, na wanyama wake ni wa nchi za baridi. Desemba jua huchomoza karibu saa tano asubuhi na kuzama kabla ya saa nane mchana, kwa hiyo ukiingia saa saba utamalizia mzunguko gizani. Dubu wa kahawia nao wakati huo wamelala hadi baridi ipungue. Dubu wa barafu halali, baridi ndiyo raha yake. Mimi napendekeza Machi: theluji bado tele, na mchana hufikia urefu wa saa kumi na mbili hivi.

Unatembea juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa, kilomita mbili na zaidi. Tenga saa tatu. Theluji iliyokanyagwa sana hugeuka barafu, hivyo vaa vyuma vya kuzuia kuteleza chini ya buti. Buti zenyewe ziwe kubwa kidogo, maana soksi mbili zikibana mguu, damu haitembei vizuri na vidole hufa ganzi. Soksi za pamba ziache, zinashika jasho; vaa za sufu. Kigari cha mtoto kitakwama, bora kijisleji cha kuvuta, kile kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji.

Kwa reindia, yaani kulungu wa nchi za baridi, nyamaza kidogo. Kila wanapopiga hatua utasikia "tik, tik": ni kano zinazoteleza juu ya mifupa ya mguu. Tazama na pembe. Madume wakubwa huzidondosha baada ya msimu wa kupandana, kwa hiyo mwenye pembe katikati ya baridi kwa kawaida ni jike.

Linksi, paka-mwitu wa nchi za baridi, ndiye anayewashinda wageni wengi kumwona. Anafanana na kivuli. Usipekue uwanja mzima kwa macho; angalia chini ya misonobari kwa dakika tano, utafute vishungi vyeusi vya masikio.

Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, la sivyo betri itazima ikiwa bado na chaji. Kamera ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, ndipo uingie mgahawani; matone ya unyevu yatatua juu ya plastiki badala ya lenzi. Usiifungue mpaka ipate joto la chumba, hata kama chai imeshafika mezani.