Uzoefu wangu na Cera Bellina, nta ya nyuki iliyorekebishwa

Nimeitumia nta hii kwa muda wa kutosha kuweza kuisemea. Kama unatengeneza mafuta ya mgando ya shea na unayauza kwenye joto la Dar es Salaam, inastahili bei yake. Kama unatafuta kiungo cha kushikamanisha maji na mafuta kwenye losheni, usiinunue, hata kama muuzaji anakuambia inafanya kazi hiyo. Muuzaji mmoja wa mtandaoni ameiandika hivyo kabisa, na ninajua wenzangu waliopoteza malighafi nzuri kwa kumwamini.

Kilichonifanya niitafute ni chenga. Shea ina mafuta mazito yenye asidi ya steariki na mafuta mepesi yenye asidi ya oleiki, na hayagandi kwa wakati mmoja. Yakipoa polepole, yale mazito hutangulia kuganda, yanajikusanya, na mteja anakutana na vipunje kidoleni. Wengi wetu tunapoza haraka kwenye friji, na siku hiyo kopo linatoka laini kama inavyotakiwa. Lakini kopo halibaki jikoni. Linapanda bodaboda saa saba mchana, linalainika, usiku linaganda tena taratibu, na chenga zinarudi. Hata shea ya kaskazini mwa Uganda, ambayo ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, haikunusurika. Ukiichanganya na mafuta ya nazi, yanayoyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, maana yake kwa hapa Dar ni kimiminika karibu mwaka mzima, basi pamoja na chenga unapata na matone ya mafuta yanayoelea juu.

Dawa ya kwanza ya kila mtu ni kuongeza nta ya nyuki. Nta ya Tabora ninayo, naipenda, ina harufu ya asali na moshi kidogo ambayo hakuna kiwanda kitakachoiiga. Lakini ukitia kiasi cha kuzuia mafuta yasitoke, kopo linakuwa gumu na linavuta kwenye ngozi. Na chenga za shea bado zinaweza kujitokeza.

Sasa Cera Bellina ni nini? Hilo ni jina la biashara la Koster Keunen, kampuni ya nta iliyoanzia Uholanzi mwaka 1852. Kwenye lebo ya bidhaa utaiona kwa jina la Polyglyceryl-3 Beeswax. Ni nta ya nyuki halisi, haijachanganywa na parafini wala haijapunguzwa kwa kitu cha bei rahisi. Nta ya kawaida imeundwa kwa sehemu kubwa na esta (yaani asidi iliyoungana na alkoholi), kisha haidrokaboni, na asidi za mafuta zilizo huru, kama asilimia 12 hadi 14. Hizo asidi huru ndizo zinazoguswa. Kiwandani zinaunganishwa na poligliseroli, yaani molekuli za gliserini zilizofungwa pamoja tatu tatu, nazo zinageuka kuwa esta zenye upande unaopenda maji. Nta iliyobaki inaachwa kama ilivyo.

Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini linabadilisha namna nta inavyoganda ndani ya mafuta. Nta ya kawaida hujenga fuwele zinazokua kadiri joto linavyopanda na kushuka, na zikikua zinaachia mafuta. Cera Bellina inatengeneza jeli laini inayopitisha mwanga kiasi, na mafuta yanabaki humo ndani. Chukua mafuta ya ubuyu, yeyusha nta hii humo kwa asilimia 10, yaache yapoe: utapata jeli laini inayoteleza, si kipande kigumu cha nta. Mimi ndipo nilipoipenda.

Kuna jambo moja ambalo sioni likielezwa, nalo ni muhimu. Krimu ya zamani, ile inayohesabiwa kuwa ilianza na tabibu Galen wa karne ya 2 kwa nta, mafuta na maji ya waridi, baadaye iliboreshwa kwa boraksi, aina ya chumvi ya madini. Boraksi inafanya kazi kwa sababu inakutana na zile asidi huru za nta na kutengeneza sabuni kidogo, na sabuni hiyo ndiyo inayoshika maji na mafuta. Katika Cera Bellina asidi hizo zimeshafungwa. Kwa hiyo ukiiweka badala ya nta ya kawaida kwenye krimu ya boraksi, boraksi inakosa mwenzake na krimu inaachana. Inaweza kuipa nguvu krimu ambayo tayari ina kiungo chake cha kushikamanisha, basi.

Nta iliyorekebishwa inayopenda maji kweli ipo, ila ni nyingine: PEG-8 Beeswax, inayouzwa na Gattefossé ya Ufaransa kwa jina la Apifil. Hiyo imeunganishwa na polietilini glikoli. Wanaokwepa viungo vya familia hiyo kwa sababu asili yake ni petroli wataichagua Cera Bellina, na wanaotengeneza krimu nyepesi ya maji watachagua ile nyingine. Soma jina la kwenye lebo, usisome neno "nta iliyorekebishwa" peke yake, kwa sababu muuzaji anaweza kumaanisha yoyote kati ya hizo.

Kwenye mafuta ya shea ninaweka asilimia 4 hadi 5. Inataka joto zaidi kidogo kuliko nta ya kawaida, ambayo huyeyuka nyuzi 62 hadi 65. Mimi ninaifikisha nyuzi 75, bakuli likiwa juu ya sufuria ya maji ya moto, na ninaiyeyusha kwanza kwenye mafuta ya maji (yale yasiyoganda) kabla ya kutia shea. Punje moja isiyoyeyuka ukiiacha, utaikuta kwenye kopo na utadhani ni chenga ya shea. Baada ya hapo ninakoroga hadi mchanganyiko uanze kuwa na ukungu, ndipo ninamimina. Makopo niliyoyaacha makusudi dirishani, yanapigwa na joto la mchana na kupoa usiku, yalibaki laini. Kwangu hilo ndilo jaribio lenye maana, kwa sababu ndiyo safari ambayo kopo la mteja linapita.

Kwa mafuta ya midomo ya kijiti haitoshi peke yake. Inainama. Ninaichanganya na nta ya Tabora karibu nusu kwa nusu, ya Tabora inasimamisha kijiti na hii inazuia kijiti kutoka jasho la mafuta, na midomo haipati ule utando mzito. Ya rangi ndiyo imenifurahisha kuliko zote. Oksidi nyekundu ya chuma kwenye mafuta ya nyonyo huwa inazama chini wakati unasubiri kumimina, kijiti cha kwanza kinatoka hafifu na cha mwisho kimekolea. Nikiwa na nta hii, rangi inashikwa mahali pake na vijiti vyote vinafanana.

Kasoro zake nazo zipo. Bei ni mara kadhaa ya nta ya hapa nyumbani, na inabidi uagize kutoka nje. Haina harufu ya maana. Mteja anayependa harufu ya mzinga atakuuliza imekwenda wapi. Bado ni zao la nyuki, hivyo haiwafai wanaokwepa vitu vyote vya wanyama, wala mtu ambaye ngozi yake hukataa nta au gundi ya nyuki. Asiseme mtu kwamba imerekebishwa kwa hiyo haina neno. Pia haiui vimelea. Ukiweka maji, hata ya waridi, unahitaji kihifadhi kama kawaida, na kama unauza hapa Tanzania, usajili wa vipodozi tangu 2019 uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo andika jina la kiungo kama lilivyo kwenye karatasi ya mtengenezaji, usiandike "nta ya nyuki" tu.

Ukitaka kuijaribu, agiza gramu 100 kwanza. Kwa asilimia 5 zinatosha kilo mbili za mafuta ya mgando, na hapo utajua kama wateja wako wanaona tofauti. Na muulize muuzaji karatasi ya vipimo kabla ya kulipa: thamani ya asidi, yaani kipimo cha asidi huru zilizomo, inapaswa kuwa chini sana ukilinganisha na nta ya kawaida, ambayo huwa 17 hadi 24. Ukikuta namba hizo hizo za nta ya kawaida, unauziwa nta ya kawaida kwa bei ya Cera Bellina.