Koti la mvua la kutembelea na la baiskeli: ligeuzie shingo kwanza

Koti langu la kwanza la mvua nililinunua kwa sababu ya rangi na lebo iliyosema milimita 20,000, kipimo cha jinsi kitambaa kinavyostahimili maji kabla hayajapenya. Kwa kutembea, sikulowa hata kidogo. Siku niliyopanda nalo baiskeli, nilifika njia panda, nikageuka kutazama kama kuna gari nyuma, nikaona kitambaa. Kichwa kimegeuka, kofia ya koti imebaki inatazama mbele. Na gari lilikuwepo, likanipita karibu sana. Tangu hapo sinunui koti kabla ya kuligeuzia shingo.

Kwa hiyo sianzi na kuzuia maji. Koti lenye milimita 10,000, mishono yake ikiwa imezibwa kwa utepe upande wa ndani, linamtosha mtu wa mizunguko ya kawaida. Shida ni kofia. Wengi huweka kamba mbili za mashavuni tu, nazo hubana tundu la uso basi. Kinachoifanya kofia ifuate kichwa ni kikazio cha kisogoni. Vaa koti, funga zipu mpaka kidevuni, kaza kila kamba, nyoosha mikono kama umeshika usukani, kisha tazama nyuma juu ya bega. Ukiona bitana badala ya njia, liache. Kama unavaa helmeti, nenda nayo dukani: kofia nyembamba inayoingia chini ya helmeti hugeuka nawe, ile pana inayovaliwa juu yake hukamata upepo. Ukiwa bado umenyoosha mikono, angalia kama vifundo vya mikono vimebaki wazi na kama mgongo wa koti umepanda.

Namba moja kwangu ni Patagonia Torrentshell 3L, na sifichi kwamba naipenda. Kofia yake hukazwa kwa njia mbili na ina ukingo wa mbele unaozuia matone yasiingie machoni. Ni ya tabaka tatu, yaani kitambaa cha nje, utando unaozuia maji na bitana, kwa hiyo ndani hainati kwenye ngozi ukitoka jasho, ina zipu za kwapani, na hukunjwa ikaingia kwenye mfuko wake yenyewe. Mgongo wake si mrefu. Mimi nilifunga madigadi nyuma, tatizo likaisha.

Ya pili ni Outdoor Research Foray, yenye zipu za ubavuni zinazofunguka kutoka pindo la chini, kupitia kwapa, hadi mkono wa juu. Kwenye mlima hakuna koti linalopumua kama hilo. Ila ukizifungua kwenye mteremko, koti lote hupepea.

Showers Pass, kampuni ya Portland, Oregon, hushonea waendesha baiskeli, na mgongo mrefu wa makoti yake unafunika vizuri ukiinama. Ukishuka na kutembea, koti lililokatwa kwa mtu aliyeinama halikai sawa mwilini. Nimeiweka ya tatu kwa hilo tu.

Marmot PreCip ni nafuu na ina zipu za kwapani. Tabaka zake ni mbili na nusu, maana badala ya bitana ina mpako mwembamba tu ndani, nao hunata. Poncho ni ya kutembea. Kwenye baiskeli inageuka tanga.

Sasa wauzaji. Koti langu la pili liliandikwa halipitishi maji, kumbe lilistahimili manyunyu tu, mishono haikuzibwa hata mmoja. Nililirudisha, nikaambiwa halipokelewi kwa kuwa limeshatumika. Ningejuaje bila kunyeshewa? Na picha zao! Kila mvaaji amesimama wima, mikono mfukoni. Onyesheni mtu ameinama, amenyoosha mikono, ametazama nyuma, ndivyo tunavyoyavaa. Makoti ya kike ndiyo yananiuma zaidi, maana wanayakata mafupi kiunoni ili yapendeze, halafu sisi ndio tunafika na suruali zimelowa nyuma.

Kuna jingine linaloniudhi. Baada ya muda matone huacha kuteleza juu ya koti, kitambaa kinanyonya maji na kuwa kizito, na muuzaji anakwambia koti limekufa, nunua jipya. Mara nyingi utando wa ndani bado mzima; kilichochoka ni dawa ya kufukuza maji iliyopakwa juu ya kitambaa tu. Soma lebo, lifue kwa sabuni isiyo na kilainishi, lisuuze vizuri, na kama lebo inaruhusu likaushe kwa joto dogo. Matone yakikataa bado, pakaa dawa mpya. Langu nimelifanyia hivyo mara mbili, na bado ndilo ninalovaa.